Padre Hospitalini, Gerezani na Barazani



Tumeombwa tuseme nanyi, mnaotoka seminarini mwaka huu, juu ya utume unaowangoja Handeni na Korogwe. Hatutasema juu ya mahubiri. Hayo mmefundishwa, na wengine wenu labda kupita kiasi.

Korogwe ni nchi ya reli, ya mto Pangani na ya mkonge. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na bei ya singa ilipoanguka duniani yakafifia. Wazee waliokuja kutoka mbali kukata mkonge, wasio na ukoo wala kiunga huku, mtawakuta wodini bila mtu wa kuwaletea uji. Basi padre wa hospitali huenda akatangulia na bakuli kabla ya Komunyo. Tena wenyeji wengi wa Handeni ni Waislamu. Mgonjwa wa kitanda cha pili mwulizeni hali, mpelekeeni salamu nyumbani, mwiteni shehe wake akitaka. Kitandani pa mgonjwa si mahali pa kutafutia waongofu.

Gerezani mtakutana na mahabusu asiyejua kesi yake itatajwa lini. Padre si wakili, wala asijifanye wakili. Lakini Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wa kuwahudumia wasio na uwezo. Jueni wanapopatikana, na pelekeni habari kwa jamaa za mfungwa, maana mara nyingi hawajui hata alipo.

Lililo zito kuliko yote ni ardhi. Handeni mvua si za kutegemewa. Tangu miaka ya 1970 bomba kuu limevuta maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe, nayo hayakutosha. Mkulima na mfugaji hukutana lamboni kila mmoja na hofu yake. Tangu Juni 2022 kaya za Wamasai kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera kwa mpango wa serikali, na baadhi ya waliotangulia kuishi hapo wakalalamika kwamba mashamba yao yamegawiwa wengine. Padre asimame wapi? Twasema asiwe msemaji wa waumini wake dhidi ya majirani, wala asikimbilie Misa ya upatanisho kabla madai ya kila upande hayajasikilizwa. Amani ya namna hiyo ni kunyamazishana tu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji la watu 7, wanawake wasipungue 3, nalo kazi yake ni kusuluhisha. Nendeni, ketini nyuma, sikilizeni. Mkiona wanawake hao wapo kwa hesabu tu na hawapewi nafasi ya kunena, mwambieni mwenyekiti baada ya kikao, faraghani kwanza.

Tumewaomba maparoko wawaachie siku moja kila juma kwa kazi hiyo. Nauli itatoka mfuko wa Tume. Wakati wa masika chukueni na viatu vya kutembelea.