Kioo na Jua la Magharibi

Barabara ya bonde la Luapula itokayo Mansa hupanda kaskazini, ikipita Mwansabombwe hadi Nchelenge. Maduka yaliyojipanga kandokando yake hutazama mashariki au magharibi. Ukifika Nchelenge, Ziwa Mweru liko magharibi, na anayejenga ufukweni hutamani dirisha kubwa la kulitazama. Basi vioo vyetu tunavielekeza palepale jua linapochoma.

Kioo hakina kosa. Kosa ni mahali tunapokiweka, na hasara yake hatuibebi peke yetu.

Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya robo tatu ya joto la jua. Likishaingia, hupasha sakafu, kuta na viti, na joto linalotoka kwenye vitu hivyo halipenyi kurudi nje. Oktoba, saa tisa alasiri, chumba chenye kioo hicho hakikaliki. Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu, upepo wa ziwa ukabaki nje. Mwenye nyumba anashusha pazia, anawasha taa mchana kweupe, kisha anatafuta kiyoyozi.

Umeme wake utoke wapi? Zambia hutegemea sana nguvu za maji. Ukame wa 2024 ulipoyashusha maji ya bwawa la Kariba, watu walikaa gizani saa nyingi kila siku. Kila kiyoyozi kinachopoza kosa la mchoraji wa ramani kinawanyima wengine umeme. Tena kioo chenyewe huzaliwa kwa moto: mchanga, magadi na chokaa huyeyushwa katika tanuri la nyuzi joto 1,500 hivi, kisha kikaja kwetu kwa lori.

Njia ipo. Jijini Harare, jengo la Eastgate la mbunifu Mick Pearce, lililofunguliwa 1996, hupozwa kwa hewa ya usiku, na madirisha yake yamekingwa kivuli. Ikiwa jengo kubwa la maduka na ofisi limeweza, nyumba ya wageni ya Nchelenge itashindwaje?

Madirisha makubwa yakae kaskazini na kusini, ambako upenu wa paa unatosha kuyakinga. Magharibi yawe madogo, na mbele yake kibaraza kipana. Wageni walitazame ziwa wakiwa kivulini. Nazo halmashauri za Mwansabombwe na Nchelenge, kabla ya kupitisha ramani, zimuulize mjenzi: saa tisa alasiri, jua litaingilia wapi? Asiye na jibu arudi kwa mchoraji, maana mstari wa penseli hufutika, lakini ukuta ukishasimama, joto lake watalirithi watoto.