Resini ya Vinili Esta: Soma Lebo Kabla ya Kufungua Mtungi

Hotuba kwa mafundi wa faibaglasi, Angurai, Teso Kaskazini



Fundi wa Malaba anayeziba bampa ya lori na fundi wa Port Victoria anayetengeneza mashua wote wanatumia kitambaa cha glasi na resini. Bampa ikipasuka, lori linarudi gereji. Mashua ikipasuka katikati ya ziwa, waliomo hawana pa kurudi.

Resini iliyozoeleka ni poliesta. Ni ya bei nafuu na kwa bampa inatosha kabisa. Lakini kitu kikikaa majini miezi na miaka, maji hupenya polepole, huivunja poliesta kutoka ndani, na malengelenge hutokea. Vinili esta hutengenezwa kutokana na epoksi, na ina viungo vichache ambavyo maji yanaweza kuvivunja. Inavumilia asidi vizuri zaidi, na hunyumbuka kidogo kabla ya kupasuka. Kwa hivyo inafaa sehemu ya mashua iliyo majini na matangi ya kemikali. Bei yake iko juu, na ndiyo maana mafundi wengi wa mashua huitumia kwenye tabaka za nje tu, kisha humalizia ndani kwa poliesta.

Vinili esta haikai sana. Kwa kawaida hudumu miezi michache tangu ilipotengenezwa, na joto hupunguza muda huo. Ihifadhiwe kivulini, chini ya nyuzi 25, wala si stoo ya mabati inayochemka mchana. Iliyogawanywa kwenye jerikani bila lebo wala tarehe isinunuliwe, hata bei ikiwa tamu vipi. Ikiwa na mabonge, imekwisha.

Sasa hadina, na hapa mafundi wasikilize kwa makini. Hadina ya kawaida ya poliesta mara nyingi hutoa povu ikitiwa kwenye vinili esta, na povu hubaki ndani kama vitundu. Iulizwe ile iliyopendekezwa na mtengenezaji wa resini hiyo. Kipimo huwa kati ya gramu 1 na 2 kwa kila gramu 100, na hupimwa kwa mizani, si kwa kifuniko cha soda.

Hadina hiyo ni peroksidi. Ikikutana moja kwa moja na kobalti, ile dawa ya zambarau ya kuharakisha resini, hulipuka au huwaka. Kobalti hukorogwa kwanza ndani ya resini hadi ienee yote, ndipo peroksidi ifuate. Resini nyingi huja na kobalti tayari, kwa hivyo lebo isomwe. Na bodaboda asipewe chupa hizo mbili katika mfuko mmoja.

Kuvuta resini kwa pampu hufanywa hivi: kitambaa kikavu hupangwa kwenye kalibu, hufunikwa kwa plastiki, pampu hunyonya hewa, halafu resini huingia kwa mipira. Kabla ya resini kuingia, mpira ufungwe, pampu izimwe, na sindano ya geji iangaliwe kwa dakika 15. Ikirudi, kuna tundu, litafutwe. Vitabu vya nje vimeandikwa kwa watu wa pwani. Hapa, mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe ina kilopaskali 88 tu badala ya 101. Geji ikikomea hapo, pampu haina kosa.

Muda nao upimwe. Resini kidogo ichanganywe kwenye kikombe, saa ileile ya siku ambayo kazi itafanyika. Ikiganda kwa dakika 15 na kalibu inahitaji 20 kujaa, kitambaa na resini yote vimepotea. Masalio ya ndoo hupata moto yenyewe, kwa hivyo yamwagwe kwenye sinia pana, nje.

Mvuke wa stirini unashika moto, basi jiko la makaa liwe mbali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Inatakiwa ile yenye vichujio vya kemikali. Peroksidi ikiruka jichoni, inaweza kupofusha. Beseni la maji safi liwe tayari, jicho lioshwe papo hapo kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali.

Fundi anayeanza achukue kipande cha nusu mita. Kikikauka, akikate katikati kwa msumeno na atafute mabaka meupe, ambapo resini haikufika.