MHANDISI HUFUNZWA KWA KAZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, kwa kuharibika njia ya umeme itokayo Bara chini ya bahari. Mimi mwenye duka nilihesabu fedha kwa taa ya chemli, nikajiuliza: vijana wetu wenye shahada, wangapi wamefunzwa kuikagua njia hiyo kabla haijaharibika?

Chuoni hatukuzijua herufi kwa kusikiliza tu. Tuliandika ubaoni, tukakosea, mwalimu akasahihisha, tukaandika tena. Mhandisi naye hapatikani kwa kukariri majibu ya mtihani.

Huko Denmark, Chuo Kikuu cha Aalborg, kilichoanzishwa 1974, huwapa wanafunzi tatizo la kweli walitatue kwa makundi, na mwalimu huwaongoza.

Basi, ndugu zangu, tuitake Serikali ifanye vivyo hivyo. Mwanafunzi apewe kisima kilichoingia chumvi, transfoma iliyoungua, mtaro unaofurika kila masika. Apime, akisie gharama, atengeneze, kisha awaeleze wenye mtaa alichokifanya. Hapo ndipo apewe shahada.