Mtoto Aingie Darasani, Karatasi Imfuate

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wazazi, walimu na wavuvi katika kikao kilichofanyika kisiwani Takawiri. Tunaichapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.



Nimeombwa nizungumze kuhusu shule na karatasi. Najua wengine mnasema karatasi ni mambo ya ofisi, mambo ya Nairobi na Homa Bay. Lakini leo mtoto wa Takawiri hasomi kwa kalamu na daftari lake tu. Anasoma pia kwa cheti chake cha kuzaliwa, kwa nambari yake katika kompyuta ya wizara, na kwa alama ambazo mwalimu amezituma KNEC. Moja ya hizo ikikosekana, mtoto yuko darasani lakini serikali haimwoni.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninyi wavuvi mnalijua hilo. Samaki wakifika ufuoni wanapimwa, kilo zinaandikwa, na jioni kila mtu anajua haki yake. Lakini daftari la samaki halivui samaki. Likianza kuwazuia watu kwenda ziwani, limeacha kazi yake. Shuleni ni vivyo hivyo. Karatasi iliwekwa ili imsaidie mtoto, haikuwekwa imfungie lango.

Tuanze na kuelewa nani anafanya nini, maana watu wengi huzungushwa kwa sababu wamebisha mlango usio wao. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea, yaani PP1 na PP2, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Kuanzia Gredi ya 1 kwenda juu, shule ziko chini ya Wizara ya Elimu. Walimu wake wanaajiriwa na TSC. Mitihani ni ya KNEC. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na idara ya usajili wa raia, na njia ya kuelekea huko huanzia hospitalini au kwa naibu wa chifu. Hizo ni ofisi tano kwa mtoto mmoja.

Sasa fedha. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi wa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, ni shilingi 15,042. Fedha hizo hufuata majina yaliyomo katika mfumo wa kompyuta wa wizara, yaani NEMIS, ambao sasa unabadilishwa kuwa KEMIS. Ili jina liingie, mfumo umekuwa ukidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Fanyeni hesabu nami. Shule ikiwa na watoto 20 wa msingi wasio na vyeti, hiyo ni shilingi 28,400 ambazo hazitafika. Wakiwa 10 wa sekondari msingi, ni shilingi 150,420. Watoto hao wanakalia madawati yale yale na kutumia chaki ile ile. Kwa hiyo mtoto wa jirani yako kukosa cheti kunapunguza pia vitabu vya mtoto wako mwenye cheti.

Tusiilaumu kompyuta peke yake. Kulikuwa na sababu ya kuhesabu. Nchi hii imelipia wanafunzi hewa, majina yasiyo na miguu. Ni haki serikali iulize: mtoto huyu yuko kweli? Taabu ni kwamba chombo kilichotengenezwa kumnasa mtoto wa uongo kinamnasa pia mtoto wa kweli aliyezaliwa nyumbani usiku wa mawimbi, au ambaye mama yake hana kitambulisho.

Na sisi watu wa ziwa tuna shida yetu ya pekee. Wavuvi huhama. Omena wakipungua huku, familia inahamia ufuo mwingine: Mfangano, Remba, Ringiti, Rusinga, au hata ng'ambo ya mpaka. Mtoto anahama na sufuria na nyavu. Lakini katika kompyuta hahami mpaka mwalimu mkuu wa shule ya zamani amwachilie na wa shule mpya ampokee. Mzazi akiondoka alfajiri bila kuaga shuleni, mtoto anabaki ameandikwa kule na anasoma huku.

Zamani jambo hilo lingemalizika kwa barua. Sasa lina uzito zaidi kwa sababu alama zinamfuata mtoto. Kwa kundi la kwanza lililofanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, nafasi ya kuingia sekondari pevu ilihesabiwa hivi: asilimia 60 kutoka KJSEA yenyewe, asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Yaani asilimia 40 imekwisha kuandikwa kabla mtoto hajaketi kwa mtihani wa mwisho. Tathmini za miaka hiyo zikipotea kati ya ufuo na ufuo, mtoto amepungukiwa, na wala si kwa ujinga wake.

Kuna jambo lingine ambalo halimo katika hesabu. Karatasi humfunza mtoto kitu. Mwalimu akisema mbele ya darasa, "Wasio na vyeti wasimame," wale wanaosimama wanajifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala. Wanajifunza kwamba wao ni nusu wanafunzi. Mtoto wa miaka tisa hajui idara ya usajili. Anachojua ni kwamba amesimama na wenzake wameketi. Akirudishwa nyumbani mara mbili tatu, mvulana atapata kazi kwenye mashua na msichana atapata kazi ya kuanika omena. Hapo hatutasema karatasi ilimfukuza. Tutasema aliacha shule mwenyewe.

Humfunza mwalimu pia. Mwalimu ana maazimio ya kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, rejista ya mahudhurio na rekodi za maendeleo ya kila mtoto. Tangu 2016 TSC imemtaka ajipime kupitia TPAD. Mtaala wa umilisi nao unataka tathmini zipandishwe kwenye mtandao wa KNEC. Kila moja ina maana yake ukiisoma peke yake. Zikijumlishwa juu ya mwalimu mmoja mwenye darasa lililojaa, kinachoachwa ni kile kisichokaguliwa: kuketi dakika kumi na mtoto asiyeweza kusoma. Mkaguzi akija anaona jalada limejaa. Mtoto asiyesoma haonekani kwenye jalada.

Kumbukeni tulikotoka. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, aliyesema ana miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret. Hakuna fomu iliyokuwa imetengenezwa kwa mwanafunzi kama yeye. Aliingia kwa sababu mwenye lango aliamua kumpokea. Sheria iko Nairobi, lakini lango linashikwa na mtu.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Wazazi: mtoto asajiliwe ndani ya miezi sita tangu kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, mjulisheni naibu wa chifu. Ikipita miezi sita bado anasajiliwa, ila ushahidi unaotakiwa ni mwingi zaidi, kwa hiyo tunzeni kadi ya kliniki. Mama asiyeolewa anaweza kumsajili mtoto wake peke yake. Na mtoto aliyezaliwa hapa anasajiliwa hapa hata kama baba ni Mganda au Mtanzania. Cheti husema alizaliwa wapi, hakisemi ni raia wa wapi. Na mkihama, piteni shuleni kwanza.

Chifu na wazee: msingoje watu waje ofisini. Mnajua nani amejifungua na nani amehamia. Andikeni.

Walimu: mpokeeni mtoto kwanza. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa, na pia elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikusema moja ingoje nyingine. Suala la cheti mwambieni mzazi faraghani. Msimsimamishe mtoto.

Na kaunti yetu: chekechea ni yenu, na ndipo jalada la mtoto linapoanzia. Mtoto akiingia PP1 bila cheti, tuna miaka miwili ya kumtafutia kabla hajafika Gredi ya 1. Tuwaombe maafisa wa usajili wapande boti waje visiwani siku maalumu, wakutane na wazazi kwenye chekechea. Nauli ya afisa mmoja ni nafuu kuliko nauli ya akina mama hamsini kwenda Mbita na kurudi, wengine wakiambiwa warudi kesho.

Tukiyafanya hayo, mwalimu hatakuwa karani wa vyeti. Atarudi kufundisha, na mtoto atahesabiwa akiwa ameketi.