Tarakimu Zinazosafiri Bila Maelezo



Mwishoni mwa mwaka 1997, msukosuko wa fedha wa Asia ulipoifikia Korea Kusini, Benki Kuu ya nchi hiyo ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni ambayo sehemu yake kubwa haikuwa ya kutumika. Ilikuwa amana katika matawi ya nje ya benki za Korea zenyewe, na benki hizo zilikuwa zimekwishabanwa na madeni. Thailand nayo ilikuwa imejifunga kwa mikataba ya kuuza dola siku za mbele, na mzigo huo haukuonekana katika akiba iliyotangazwa. Tarakimu zilikuwepo. Kilichokosekana ni maelezo ya kumwambia msomaji ndani yake mna nini.

Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilikuwa limeshaanza kujifunza somo hilo kutoka Mexico, ambako kushuka kwa peso Desemba 1994 kulikuta takwimu za akiba zikitolewa kwa kuchelewa. Mwaka 1996 likaweka kiwango maalumu cha kutangaza takwimu. Mwaka 1999, baada ya Asia, likaongeza fomu inayoitaka nchi ionyeshe pia ahadi zinazoweza kuila akiba hiyo katika muda mfupi. Ninachokitetea jioni ya leo kinatokana na historia hiyo: takwimu ya uchumi isiyo na maelezo yake ni nusu ya takwimu, na nchi isiyoshiriki kuyaandika maelezo hayo itasomwa kwa maelezo ya wengine.

Mwaka 2001 taasisi saba zilikubaliana kuunda utaratibu mmoja wa kupashana takwimu, unaojulikana kwa kifupi SDMX. Nazo ni Benki ya Malipo ya Kimataifa, Benki Kuu ya Ulaya, Eurostat, IMF, OECD, Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliuunga mkono mwaka 2008 kama njia inayopendekezwa, na mwaka 2013 ukawa kiwango kamili cha kimataifa, ISO 17369.

Tuuangalie kwa karibu. Chukua tarakimu moja tu, mathalani 5,000. Chini ya SDMX haisafiri peke yake. Inafuatana na msimbo wa nchi, TZ, msimbo wa kipindi, A kwa mwaka, Q kwa robo mwaka au M kwa mwezi, na sarafu. Kuna pia kizidishio: 3 maana yake maelfu, 6 maana yake mamilioni. Mtu akikosea hapo, mauzo ya nje ya nchi nzima yanageuka mauzo ya duka moja. Kisha ipo hali ya tarakimu yenyewe: P ikiwa ni ya awali, E ikiwa ni makadirio. Na pale pasipo na takwimu, panaandikwa kwamba haipo, isije ikasomwa kuwa sifuri. Hili la mwisho nalipenda kuliko yote, maana sera nyingi mbovu zimejengwa juu ya sifuri ambazo hazikuwa sifuri.

Bila makubaliano ya namna hii, Tanzania ni 834 katika orodha ya Umoja wa Mataifa, 738 katika orodha ya IMF, na TZA kwingineko. Ofisa wa takwimu anapokea kiolezo cha Excel kutoka kila taasisi, kila kimoja na safu zake na tarehe yake ya mwisho, na anajaza mambo yaleyale upya. Saa hizo zinaibwa kutoka kwenye kazi halisi ya ofisi yake, ambayo ni kupima uchumi.

Kiwango hakitibu kila kitu, na anayesema kinatibu tusimwamini. Msimbo wa forodha 090111 ni kahawa mbichi isiyopunguzwa kafeini, iwe Moshi au Hamburg. Hata hivyo, anayeuza hurekodi thamani ya mzigo bandarini kwake, na anayenunua huongeza nauli na bima. Tarakimu mbili tofauti, zote sahihi. Shaba ya Kongo ikipita Dar es Salaam, lazima ijulikane kwamba ni mzigo wa kupita tu. Na gunia la mahindi linalovuka mpaka wa Namanga bila karatasi hakuna msimbo utakaolihesabu. Hilo linahitaji watu mpakani.

Angalieni pia Pato la Taifa la Nigeria, lililopanda kwa takriban asilimia 89 mwaka 2014 kwa kubadilishwa mwaka wa kizio, yaani mwaka unaotumika kama msingi wa vipimo, au la Kenya, lililopanda kwa asilimia 25 mwaka huohuo kwa sababu hiyohiyo. Mtafiti anayeunganisha mfululizo wa zamani na mpya bila kusoma maelezo ataona muujiza wa uchumi ambao haukutokea.

Sasa, kati ya taasisi saba nilizozitaja, hakuna hata moja ya Kiafrika. Sisemi zina nia mbaya. Benki ya Maendeleo ya Afrika yenyewe imezisaidia nchi zetu kuchapisha kurasa za takwimu za kitaifa kwa utaratibu huuhuu. Lakini orodha za misimbo huandikwa katika vikundi kazi, na vikundi hivyo humsikiliza aliyekuja na hoja. Nani atakwenda kueleza jinsi ya kuweka alama kwenye biashara ndogo ya mpakani, au kwenye fedha zinazotumwa kwa simu kutoka nchi moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi nyingine?

Ninapendekeza aende mhitimu wa chuo hiki. Nyaraka za SDMX hazilipiwi, na programu zake nyingi ni za bure. Shahada yetu ya takwimu inaweza kuwa na somo lake kuanzia mwaka wa pili, likifundishwa pamoja na maofisa wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Benki Kuu, kwa mafaili halisi ya biashara ya nje. Mtaala wa somo hilo nimeshauandaa, na kesho asubuhi nitaukabidhi kwa Mkuu wa Idara.