Moto Uliomo Ndani ya Chokaa
Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa, Idara ya Kemia



Bonge jeupe mnaloliona kwenye sinia hili la chuma ni oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyotoka tanuuni na bado haijazimwa. Nalimwagia maji kidogo. Kwanza linayanywa, limetulia tu. Subirini. Sasa linatoa sauti, linapasuka, mvuke unapanda, na lililokuwa jiwe linafumuka kuwa unga uliojaa sinia. Sikuwasha kiberiti wala jiko. Kilo moja ya chokaa hii ikikutana na maji hutoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji ya bomba.

Joto hilo lilitiwa humo na tanuu. Matumbawe na mawe ya chokaa kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya kalsiamu. Yakichomwa hadi kama nyuzi 900 za Selsiasi, kabonidioksidi hutoka: katika kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56 za oksidi, na kilo 44 zinakwenda na upepo, mbali na moshi wa kuni. Sehemu ya nguvu ya moto ule husalia katika oksidi ikingoja maji. Yakifika, hupatikana hidroksidi ya kalsiamu, ndiyo chokaa iliyozimwa. Fundi akiipaka ukutani, huanza kuvuta kabonidioksidi kutoka hewani, polepole, miaka na miaka, hadi irudi kuwa jiwe.

Watu wa pwani yetu waliijua kazi hii kabla ya kuwapo idara yoyote ya kemia. Magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa. Kisha rundo likaachwa kwa siku nyingi lizimwe na umande na mvua. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu zake kongwe ni za karne ya 11 au 12, umeshikwa na chokaa ya namna hiyo. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu ni vivyo hivyo: mawe, chokaa, mchanga, udongo mwekundu na boriti za mikoko.

Hapa nina ugomvi na wenye nyumba. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Ukiupaka saruji, maji hayana njia. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, lipu inabanduka na kuondoka na jiwe, na boriti zinaoza ndani kwa ndani. Saruji ni kitu kizuri kwenye daraja. Kwenye ukuta wa mababu ni uharibifu wa kulipia.

Lakini nisiwapambie wazee. Kuchoma matumbawe hai, kama ilivyofanyika Mafia na Mikindani, ni kuchoma mazalia ya samaki na kuvunja kinga ya ufuko. Mawe ya chokaa ya nchi kavu tunayo, Tanga na kwingineko. Sioni sababu ya kupeleka mtarimbo baharini.

Viwandani sitakaa sana. Chokaa husafisha chuma kinapoyeyushwa, na pia maji ya miwa kabla hayajawa sukari; kwenye migodi ya dhahabu, kama ile ya Geita, huweka pH ya maji ya sianidi juu ya 10 ili gesi ya sumu isitoroke. Shambani, wakulima, kuweni waangalifu: chokaa ya kilimo mara nyingi ni jiwe lililosagwa tu, halijachomwa, na ni pole. Ile iliyotoka tanuuni ni kali kwa mche na kwa mkono. Na yoyote kati ya hizo mbili ukiichanganya na mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, naitrojeni uliyoinunua kwa pesa huondoka ikiwa amonia, utainusa mwenyewe.

Nimekuja hasa kusema juu ya mikono na macho. Maji ya chokaa yana pH ya 12.4 hivi. Asidi nyingi zikigusa jicho hugandisha nyama ya juu na kujizuilia njia. Chokaa huiyeyusha nyama hiyo na kuendelea kuzama, huku chembe zilizonasa chini ya kope zikiendelea kutoa ukali. Ndiyo maana kunawa kwa dakika mbili hakutoshi. Nawa kwa maji mengi yanayotiririka, kope zimefunuliwa, nusu saa au zaidi, chembe zitolewe, ndipo hospitali. Usitie siki kwa kudhani asidi itaipoza. Unga mkavu ukiwa mwilini, upanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, halafu maji mengi. Vikopo vya chokaa ya tambuu navyo viwekwe mbali na watoto.

Wakati wa kuzima, maji hutangulia kwenye pipa, chokaa hufuata kidogo kidogo. Anayemimina maji machache juu ya rundo la chokaa anatengeneza uji unaochemka na kuruka usoni. Pipa liwe la chuma. Plastiki hulainika, na alumini, pamoja na sufuria zetu za jikoni, huliwa na chokaa mbichi huku ikitoa haidrojeni, gesi inayowaka. Ghalani, magunia yawekwe juu ya vichanja, mbali na mbao na karatasi, chini ya paa lisilovuja. Chokaa isiyozimwa iliyolowa inaweza kuwasha vitu hivyo.

Tatizo ni kwamba gunia la chokaa iliyozimwa na la isiyozimwa yanafanana, na fundi huyabeba begani kwa namna moja. Miwani ya kukinga macho na glavu ni gharama ndogo kwa mwenye mradi. Nawaomba wenye matanuu na wauza vifaa vya ujenzi waandike kwenye kila gunia, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: IMEZIMWA au HAIJAZIMWA. Nanyi mafundi, gunia lisilo na maandishi hayo msilipokee.