Deni la Mume ni la Nani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumzie jambo litakalowafaa waliomo kwenye maisha na wanaojiandaa kuyaingia. Nimechagua deni. Najua si neno la karamu, lakini wali wenyewe haujaiva, kwa hiyo tunao muda.

Swali ni hili: mwenzi wako wa ndoa akikopa kwa ajili ya biashara yake, je, deni hilo ni lako? Mitaani wengi hujibu haraka kwamba mume na mke ni mwili mmoja, basi na deni lao ni moja. Jibu hilo linafaa harusini, mahakamani halitoshi.

Sisi wa Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inasema kwamba ndoa peke yake haimbadilishi mwenye mali. Ulichokuwa nacho kabla ya ndoa hubaki chako, na kilichopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa chake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mke anaweza kumiliki mali, kufanya mikataba, kushtaki na kushtakiwa, sawasawa na mume. Kwa hiyo anayedaiwa ni yule aliyekopa. Lipo jambo moja la kuangalia: mke huchukuliwa kuwa na idhini ya kukopa kwa jina la mumewe mahitaji ya lazima, yake na ya watoto wadogo, kwa kadiri ya hali ya mume. Lakini hilo ni deni la unga na sare za shule, si deni la duka.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifungua duka la vifaa vya ujenzi. Nilichukua mkopo benki kwa kuweka rehani nyumba tunayoishi. Saruji na mabati nikachukua kwa mali kauli. Benki ilitaka ridhaa ya mke. Jioni moja nikampelekea fomu jikoni, nikamwonyesha mahali pa kutia saini. Nikamwambia, "Weka hapa, mama watoto, ni utaratibu tu."

Akaniuliza, "Unaniomba saini au unaniomba shauri?"

Nikacheka. Naye akatia saini.

Duka lilikufa mwaka wa pili. Mwenye saruji alinishtaki akashinda, na dalali wa mahakama akaja na karatasi yake. Akaandika runinga, makochi, na cherehani mbili ambazo mke wangu hushonea nguo za watu. Mke wangu hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na risiti zenye jina lake, kisha akapeleka pingamizi mahakamani. Mahakama ikaona kwamba cherehani si zangu na mwenyewe hadaiwi, zikaachiwa.

Habari ya nyumba ilikuwa nyingine. Benki ilikuwa na saini yake. Nikarudi kwake kichwa chini. Alisema neno moja tu: "Ndio ule utaratibu?" Nyumba tuliiokoa kwa kuuza shamba nililoachiwa na marehemu baba, na kwa fedha ya cherehani zile zile. Mtu ambaye hakukopa hata senti alishona usiku kulipa deni langu. Sikumpa nafasi ya kunishauri wakati shauri lake lingefaa.

Ndugu zangu, tangu hapo nimejifunza kutofautisha saini tatu.

Ya kwanza ni ya ridhaa. Sheria ya Ndoa inakataza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, nayo inaitaka ridhaa hiyo katika rehani. Anayeridhia tu huiweka nyumba hatarini, si mshahara wake. Na kukataa ni haki yake, si utovu wa adabu.

Ya pili ni ya udhamini. Mdhamini hudaiwa yeye mwenyewe, na mali yake yaweza kukamatwa. Hapo kisingizio cha kwamba biashara si yako hakisikilizwi.

Ya tatu ni ya ubia. Mkiandikishwa kuwa wabia wa biashara, deni la ubia ni lenu, na mwenye kudai aweza kukufuata wewe kwa deni lote.

Niongeze moja kwa ajili ya wajane. Mdaiwa akifariki, wadai hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha. Mjane ambaye hakukopa wala kudhamini halazimiki kulipa kutoka mfukoni mwake, hata wadai wakija msibani na madaftari yao.

Basi, wakongwe wenzangu, wekeni risiti, tena zenye jina la mwenye mali. Kabla ya fomu kufika mezani, semeni nyumbani kiasi cha deni, muda wake, na kitakachopotea mambo yakiharibika.

Na ninyi wadogo zetu: humu humu darasani mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akituambia tusome swali mpaka mwisho kabla ya kushika kalamu. Mimi nilidhani anasema habari za mtihani. Nimekuja kumwelewa nikiwa na watoto watatu na dalali mlangoni.

Ndugu Mwenyekiti, nasikia harufu ya pilau.